Goma: Gari la matangazo linapiga kelele, ujumbe haufiki

Mjini Goma na pembeni yake, kipindupindu kikianza ao chanjo ya watoto ikikaribia, gari lenye mabafle ndilo linapita la kwanza. Familia zilizokimbia vita, zisizo na redio wala pa kuchaji simu, zinategemea sauti hiyo. Lakini mara nyingi kinachofika ni mlio, «wiiii» unaopanda kila dereva akikanyaga mafuta, na maneno yaliyopasuka ndani yake. Mama anauliza jirani: wamesema maji yatagawiwa wapi? Jirani naye hajui.

Wanaopanga kazi hiyo hukimbilia ampli kubwa zaidi. Ni kutupa pesa, maana ampli kubwa inakuza mlio vilevile.

Kwenye ampli ya gari kuna kifungo kidogo cha kuzungusha, kimeandikwa «gain» ao «level». Wengi wanadhani ni cha kuongeza sauti. Hapana: ni cha kulinganisha ampli na volti zinazoletwa na chombo cha sauti. Redio nyingi za gari hutoa volti 2 hadi 4 kwa ampli. Simu, kwenye tundu la visikizio, hutoa volti 1 hivi ao chini yake. Sasa ujumbe umerekodiwa katika simu, sauti ya simu imeachwa nusu, na mtu anazungusha kile kifungo mpaka mwisho ili kufidia. Hapo ampli inakuza sauti ndogo ya simu pamoja na uchafu wote wa alternateri ulioingia katika waya.

Dawa yake haina bei. Sauti ya simu ipandishwe kwanza, karibu robo tatu. Kifungo cha ampli kianzie chini, kipande polepole mpaka maneno yaanze kukwaruza, kisha kirudishwe kidogo. Waya mweusi uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya wa sauti usilale pamoja na ule wa batri. Na kuna njia rahisi kupita zote, ambayo madereva hawaipendi: simamisha gari, zima injini, tangaza dakika mbili, endelea. Wanasema batri itaisha. Batri nzima haiishi kwa dakika mbili.

Tarehe 27 Mei 2021, siku 5 nyuma ya Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuhama. Katika tangazo la namna ile, kila kitu kiko katika jina la mtaa na jina la barabara. Mlio ukimeza jina moja, familia inabaki pasipofaa ao inashika njia isiyo yake.

Anayelipia mafuta ya gari la matangazo alipie pia nusu saa ya fundi. Na kabla gari halijaondoka, mtu asimame hatua 50 mbali, injini ikiwaka, aulizwe amesikia nini.