Maji ya rejeta hayaendi mbinguni

Wadau, kuna sentensi moja imeua injini nyingi sana hapa Bongo: "Bosi, we ongeza maji tu, itakufikisha."

Utakuta mtu mzima, msomi, ana Corolla yake safi, halafu kwenye buti kabeba dumu la lita tano. Asubuhi anafungua boneti, anamimina, anafunga. Jioni tena. Huu mwezi wa tatu sasa. Ukimuuliza, anakujibu kwa kujiamini kabisa kwamba gari yake "inakunywa maji kidogo". Jamani, gari si ng'ombe! Mfumo wa maji wa injini umefungwa. Maji ni yale yale, yanatoka kwenye injini, yanapoa kwenye rejeta, yanarudi. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanakwenda, na mahali hapo panatafutika.

Hoja yangu ni hii: tunalipia spea kabla ya kulipia kujua ugonjwa. Jamaa mmoja ninayefanya naye kazi aliambiwa moja kwa moja kwamba hedi gasketi imekufa, eti kwa sababu chini ya gari hapakuwa na tone hata moja. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, pesa ikatoka. Wiki iliyofuata maji yakapungua vile vile! Kumbe mpira wa hita nyuma ya injini ulikuwa na ufa. Maji yalikuwa yanadondokea kwenye chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika ardhini. Ushahidi ulikuwepo, doa jeupe lililoganda pale pale, lakini hakuna aliyeinama na tochi.

Kuna kifaa cha kupima haya mambo, wala si cha ajabu. Ni pampu ya mkono yenye geji. Unaifunga mahali pa mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa, unajaza presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, halafu unasubiri kama robo saa. Mshale ukishuka, unatafuta palipolowa: viungo vya mipira, kingo za rejeta, kile kitundu kidogo cha pampu ya maji, hata kapeti upande wa abiria, maana hita ikivuja maji yanaingia ndani ya gari. Mshale umeshuka na nje kote pakavu? Hapo ndipo unaanza kuishuku gasketi, na hapo napo kuna kipimo. Hewa ya kwenye rejeta inapitishwa kwenye dawa ya rangi ya bluu. Kwa injini ya petroli, dawa ikigeuka njano ujue moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Oili ikiwa kama chai ya maziwa kwenye kijiti, au plagi moja imetoka safi kuliko wenzake kama imeoshwa, hizo nazo ni dalili.

Halafu mfuniko wenyewe. Huu watu wanaudharau sana, wanadhani kazi yake ni kuzuia vumbi. Utazame, utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha unayotakiwa kuishikilia, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi ikilegea, yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye kopo la akiba na kumwagika njiani. Kwa ndugu zangu wa Mbeya ni mbaya zaidi: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, joto ambalo injini nzima inalifikia bila shida. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na kufungua hedi. Kwa nini hatuanzii hapo?

Na wale wa kung'oa themostati! Wanakwambia hiyo ni ya nchi za baridi. Si kweli. Inafanya injini ifike joto lake haraka na ikae hapo. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi na kula mafuta zaidi, na kuna injini ambazo ukiitoa maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, gari inachemsha zaidi. Ikibahatika kutulia, mshale wa joto unashuka, mwenye gari anashukuru, na tundu lipo pale pale linasubiri mlima Kitonga.

Lakini siwezi kuwabebesha mafundi lawama zote. Fundi akikaa saa nzima anatafuta ufa halafu akaomba elfu kumi yake, tunamuuliza, "kwani umefunga nini?" Akifunga gasketi tunalipa laki kadhaa bila kuguna. Basi naye kajifunza kuuza kinacholipwa. Mimi naona tukubaliane bei ya kutafuta peke yake, kabla spana haijashikwa, na mwenye gari asimame pale auone mshale kwa macho yake.

Likishapatikana tundu, usirudishie maji ya kisima. Hapa Dar visima vingi vina chumvi, na chumvi inakula rejeta kutoka ndani. Weka kulanti, usiichague kwa rangi tu maana rangi haikwambii aina, soma kitabu cha gari. Na mfuniko usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kama nyuma yako daladala zinapiga honi. Maji yale yanaruka usoni.

Fundi wako hana hiyo pampu yenye geji? Muulize nani anayo mtaani, uende ukapime kwanza, halafu urudi kwake kutengeneza.