Daftari la Wiki: Kijiji cha Mama

Jumapili asubuhi, mtaa wa Mangobo, Kisangani. Nilishuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, kabla ya kufika nilikokwenda, kwa sababu lokole, ngoma ya gogo, ilikuwa inalia nje ya kanisa. Aliyeipiga alikuwa kijana wa miaka kama 16. Gogo limechimbwa ndani, juu lina mpasuo; mdomo mmoja wa mpasuo ni mnene, wa pili mwembamba, na hapo hutoka sauti mbili, ya juu na ya chini. Walokele, watu wa Mto Kongo, walizitumia hizo mbili kupelekeana habari kijiji hadi kijiji. Lakini ngomani neno la mwezi na neno la kuku hulia sawa. Basi mpigaji husema mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Na kuku ni yule mdogo anayelia kiokio. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliandika habari za lokole katika kitabu chake cha 1949.

Kinachonigusa zaidi ni jina la mtu. Ngomani lina sehemu tatu: lako, la baba yako, na kijiji cha mama yako. Huitwi bila kupitishwa kwa wajomba.

*

Kwa hiyo wiki nzima nimemkumbuka Faustin Linyekula, mcheza dansi, mzaliwa wa Ubundu, aliyehamishia Studios Kabako hapa Kisangani kutoka Kinshasa mwaka 2006. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilipomwalika, alikuta ghalani sanamu ya Walengola, watu wa mama yake. Sanamu za Walengola zilikuwa na kazi katika chama cha Bukota: kuingiza wanachama, kuwazika wakubwa wake. Kule ghalani sanamu ile ilikuwa mbali na kazi hiyo. Linyekula akasafiri hadi Banataba, kijiji cha asili upande wa mama, akarudi na sanamu mpya, na Septemba 2017 akacheza nayo ndani ya jumba lile lile. Kazi yenyewe akaiita Banataba. Mimi hapo nasikia sehemu ya tatu ya jina.

*

Lakini si kila cha jadi kifanywe maonyesho. Picha za kuuza pale maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, ni zile zile: mvuvi Mgenia, nguzo, mtego wa samaki. Gaya, jando la Wagenia ambalo mwanaanthropolojia André Droogers alilishuhudia mwaka 1970, sijaona mchoraji akiligusa. Nawaunga mkono wachoraji. Kilichoapiwa kisiuzwe kwa mgeni anayepita.

*

Narudi Mangobo. Misa ilipokwisha nilimuuliza yule kijana jina lake linapigwaje. Akacheka, akapiga mdundo wa ndombolo. Mzee mmoja kwenye benchi akaomba vijiti.

“Mama yako ametoka wapi, mjukuu?”

“Upande wa Isangi, koko.”

“Isangi ni kubwa. Kijiji gani?”

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mama yake.