Mimba Zabibu: Mama, Usiache Kurudi Kupimwa

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo mara nyingi husemwa kwa kunong'ona, nalo ni mimba zabibu. Lakini tutaanza mbali kidogo, ndani kabisa ya seli za mwili. Mama asipoelewa jinsi seli inavyotengeneza kitu na kukitoa nje, ni vigumu aelewe kwa nini daktari anamtaka arudi kutolewa damu kila wiki ilhali yeye anajiona amekwisha pona.

SAFARI YA PROTINI

Mwili wetu umejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli hutengeneza protini. Baadhi ya protini hubaki humo humo zikifanya kazi za ndani. Nyingine ni za kupelekwa nje, kama insulini inayotoka kwenye kongosho, protini za maziwa katika titi la mama anayenyonyesha, na homoni mbalimbali.

Mzigo wa kwenda nje haupenyi ukutani ovyo. Una njia yake. Protini huundwa kwenye vijimashine viitwavyo ribosomu, kisha huingizwa katika mtandao wa vijia ndani ya seli, ambako hukunjwa na kupata umbo lake. Kutoka hapo hubebwa ndani ya vifuko vidogo hadi kituo kiitwacho Golgi, kwa jina la Camillo Golgi, daktari wa Kiitalia aliyekieleza mwaka 1898. Hapo protini hukamilishwa, hupangwa kufuatana na zinakokwenda, halafu hufungwa tena katika vifuko. Vifuko husogea hadi kwenye utando wa nje wa seli, huungana nao, na kumwaga mzigo nje.

Je, haya yalijulikanaje? Katika miaka ya 1960 George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi Marekani, aliifuatilia safari hiyo na wenzake katika kongosho la simbilisi. Walizitia protini mpya alama ya mionzi, wakaziangalia zilipo. Baada ya dakika 3 zilikuwa kwenye mtandao wa vijia, baada ya dakika 20 hivi zilikuwa Golgi, na baada ya saa 2 hivi zilikuwa kwenye vifuko vya mwisho au zimekwisha toka nje. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Mwaka 1999 tuzo hiyo alipewa Günter Blobel, aliyeonyesha kwamba kila protini ina anwani yake. Akina mama mnaotuma vifurushi kwa basi mnajua kwamba bila jina la mpokeaji na kituo, mzigo hupotea. Protini nayo ina kipande kidogo kinachosema iende wapi.

UJUMBE WA MIMBA

Sasa tuje kwenye kizazi. Mimba inapojishikiza, seli za kondo la nyuma huanza kutengeneza homoni iitwayo HCG. Homoni hii ni protini yenye vipande viwili. Vipande hivyo huunganishwa ndani ya seli, hutiwa sukari, hupita Golgi, kisha humwagwa katika damu ya mama. Ujumbe wake kwa ovari ni mfupi: mtoto yupo, hedhi isije. Katika wiki za mwanzo kiasi chake huongezeka karibu mara mbili kila baada ya siku mbili, na sehemu yake hutoka na mkojo.

Ndiyo maana mkojo hueleza habari za mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walipima mimba kwa kuwadunga panya mkojo wa mama. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali nyingi zilitumia chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha. Chura jike alidungwa mkojo, na kama mama ni mjamzito, chura alitaga mayai. Leo tunanunua kijiti duka la dawa, tunachovya, na mistari miwili inatokea. Kijiti hicho hakimwoni mtoto. Kinaitambua HCG tu, yaani protini iliyotoka ndani ya seli za kondo.

MIMBA ISIYO NA MTOTO

Katika mimba zabibu, utungaji huenda vibaya tangu mwanzo. Mara nyingi yai huwa halina mbegu za urithi za mama, hivyo zote zinatoka kwa baba. Mtoto haumbiki, lakini kondo la nyuma hukua kupita kiasi, likavimba na kuwa vijifuko vyenye maji mfano wa kichala cha zabibu. Iko pia aina ya pili, ambayo ndani yake huwamo dalili za mtoto, naye huwa hawezi kuishi.

Huko Ulaya na Marekani hutokea takriban mara moja katika kila mimba 1,000. Huwapata zaidi wasichana wenye umri mdogo sana na akina mama waliopita miaka 40, ingawa yeyote anaweza kuipata. Dalili zake ni kutokwa damu katika miezi ya mwanzo, kutapika kupita kawaida, tumbo kuwa kubwa kuliko umri wa mimba, shinikizo la damu kupanda mapema, na wakati mwingine kutoka vijifuko hivyo ukeni.

Tunasema kwa msisitizo: huu si uchawi, wala si adhabu. Si kosa la mke, wala si kosa la mume. Tumewasikia watu wakisema kwamba fulani amezaa mayai ya chura, na maneno hayo humfanya mama ajifiche. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ni kweli tupu.

KANSA NAYO HUTUMA UJUMBE

Matibabu ya kwanza ni kusafisha kizazi hospitalini. Wengi hupona kwa hatua hiyo peke yake. Lakini katika kila wanawake 100 waliopata mimba zabibu isiyo na mtoto kabisa, 15 hadi 20 hivi hubaki na seli zinazoendelea kukua na huhitaji dawa. Kwa wachache, seli hizo huwa kansa iitwayo koriokasinoma. Kansa hii yaweza pia kufuata mimba iliyotoka, au hata uzazi wa kawaida wa mtoto mzima.

Kumbukeni kwamba hata katika mimba njema, seli za kondo kazi yake ni kupenya ukuta wa kizazi ili kuifikia damu ya mama. Hutoa protini za kuyeyusha njia mbele yao, kisha hufika mahali zikasimama. Seli za kansa hutumia njia ile ile ya kutoa protini, ila hazisimami. Huingia katika mishipa ya damu na kusafiri, hasa hadi kwenye mapafu. Ndiyo sababu mama huweza kuja hospitali kwa kikohozi chenye damu, akatibiwa kifua, kumbe chanzo ni kizazi.

Hata hivyo kansa hii ina udhaifu mmoja unaotusaidia. Hata ikijificha wapi, seli zake huendelea kumwaga HCG katika damu. Inajitaja yenyewe.

Zamani, wanawake wengi waliopatwa na kansa hii ikasambaa walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1956 Dakta Min Chiu Li, mzaliwa wa China, na Dakta Roy Hertz, katika Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, walieleza jinsi walivyoitibu kwa dawa ya methotreksati. Uvimbe ulitoweka katika picha za eksirei, na mtu yeyote angesema mgonjwa amepona. Dakta Li alipopima mkojo alikuta HCG bado ipo. Akaendelea kutoa dawa hadi homoni ilipokwisha kabisa. Wakubwa wake waliona anawatesa bure wagonjwa wasio na uvimbe unaoonekana, na mwaka 1957 akaondolewa kazini. Muda ukapita. Wale walioachishwa dawa mapema walirudiwa na ugonjwa, na wale aliowatibu hadi HCG ikaisha walibaki wazima. Mwaka 1972 yeye na Dakta Hertz walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker. Hiyo ndiyo iliyokuwa kansa ya kwanza ya uvimbe kuponywa kwa dawa peke yake.

Basi mnaona, akina mama? Macho yalisema imekwisha, eksirei ikasema imekwisha, lakini protini ndogo katika mkojo ikasema bado.

BAADA YA KUSAFISHWA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mama akishasafishwa, damu hukauka, nguvu hurudi, nyumbani kazi zinamngoja, na nauli ya kwenda hospitali ni ghali. Anaona hana haja ya kurudi. Sisi tuliokaa wodini tumewapokea akina mama waliorudi baada ya miezi mingi, wamepungukiwa damu, wengine wakikohoa damu, nao walipewa tarehe ya kurudi wakaiweka kabatini.

Tunawashauri mambo yafuatayo:

1. Rudi kupima HCG kila wiki au kila wiki mbili, kama ulivyoelekezwa, hadi irudi katika hali ya kawaida. Baada ya hapo utapimwa kila mwezi kwa muda atakaokupangia daktari. Usijihitimishe mwenyewe.

2. Kipimo kiwe cha damu kinachotoa namba. Kijiti cha duka la dawa husema ndiyo au hapana tu, wala hakionyeshi kama homoni inashuka, imesimama, au inapanda. Tena HCG ikiwa nyingi kupita kiasi, kijiti huweza kudanganya.

3. Usibebe mimba nyingine katika muda huo. Mimba mpya nayo humwaga HCG, na daktari hataweza kujua kama inatoka kwa mtoto au kwa ugonjwa. Zungumzeni, wewe na mumeo, mwone mhudumu wa afya mchague njia ya uzazi wa mpango inayowafaa.

4. Ukitokwa damu isiyokoma, ukikohoa damu, ukibanwa na pumzi, au ukipata maumivu makali ya kichwa, usisubiri tarehe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba uliwahi kupata mimba zabibu. Neno hilo moja huokoa muda mwingi.

5. Nyama au vijifuko vilivyotoka visitupwe. Omba vipelekwe maabara vikachunguzwe.

Ukiambiwa unahitaji dawa, usikate tamaa. Ugonjwa ukigunduliwa mapema karibu wote hupona, na mara nyingi kizazi hakiondolewi. Hata uliosambaa, wengi hupona wakitibiwa kikamilifu. Hapa Tanzania matibabu ya kansa hutolewa katika hospitali kama Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Na baada ya kupona wanawake wengi huzaa watoto wazima. Mimba zabibu hurudi mara moja tu hivi katika mimba 100 zinazofuata.

Mwisho tunawaomba mama wakwe, mashangazi na baba watoto: msimharakishe mwanamke huyu abebe mimba nyingine ili kuziba pengo. Amepoteza mimba, naye ana majonzi kama aliyefiwa. Mfarijini, mchangieni nauli, na ikiwezekana mmoja wenu amsindikize siku ya kipimo. Kadi yake ya kliniki ibandikwe mahali mnapoiona wote, pale pale inapobandikwa ratiba ya chanjo ya mtoto.

Tukutane tena mwezi ujao.