Mama, Sitazichoma Hizo Santuri



Wiki hii mama mmoja wa ushirika wetu aliniletea ofisini santuri nne katika jalada moja, amezifunga kwa leso kama aliyebeba nyoka. Ni za kijana wake wa miaka 19. "Pasta, zichome, na unitumie video nizione zikiwaka." Alikuwa amepokea ujumbe kwenye WhatsApp kwamba muziki huo umefichwa 666 ndani. (Ameniruhusu niandike haya, ingawa bado amenikasirikia.)

Tuanze na ukweli, maana shetani hashindwi kwa uvumi. Huo ni muziki wa gemu ya DOOM iliyotoka mwaka 2016, kazi ya id Software ya Marekani. Aliyeutunga ni Mwaustralia, Mick Gordon. Mwaka 2018 kampuni ya Laced Records ikautoa kwenye santuri. Ni metali nzito, magitaa yananguruma kama lori la mchanga likipanda mlima. Na ndiyo, 666 imo, pamoja na nyota ya pembe tano. Upitishe wimbo uitwao Cyberdemon kwenye programu ya kompyuta inayochora sauti, utaziona kwenye skrini. Mtunzi alizitia makusudi, na wachezaji wakazigundua.

Sasa nikuulize wewe uliyesambaza ule ujumbe. Alama ambayo jicho haliioni mpaka kompyuta iichore, inamfungaje mtoto aliyenunuliwa kwa damu? Hiyo si imani ya Pentekoste, hiyo ni hirizi uliyoigeuza. Mganga husema maandishi yaliyofichwa yana nguvu ya kukulinda, nawe unasema yana nguvu ya kukuangamiza. Mmesomea shule moja!

Na hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1990 kule Reno, Marekani, bendi ya Judas Priest ilifikishwa mahakamani ikidaiwa kuwa maneno yaliyofichwa kwenye santuri yao yaliwasukuma vijana wawili kujipiga risasi. Jaji hakukubali. Siku hizo wako wahubiri waliokuwa wakizungusha santuri kinyumenyume wakitafuta sauti ya shetani, na watoto wao wameketi chumba cha pili bila mtu wa kuzungumza nao.

Mtaniambia, "Pasta, soma Matendo 19." Nimeisoma. Efeso walichoma vitabu vya uchawi vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Lakini ni nani aliyevileta? Wenyewe! Waliokuwa wakifanya uchawi walileta vyao kwa mikono yao, wakikiri. Hakuna mama aliyeingia chumbani kwa mwanawe akiwa kazini. Nikizichoma hizi leo, nitapata moshi wa plastiki na kijana ambaye hatakanyaga kanisani tena.

Nawe kijana, usitabasamu. Umeniandikia kwamba kwenye gemu unayakatakata mapepo, kwa hiyo ni vita vya kiroho. Soma Waefeso 6. Lile pepo la gemu lina nyama, ndiyo maana linakufa kwa msumeno. Hasira yako kwa baba yako haina nyama. Hiyo utaikata na nini?

Kilichonishtua mimi ni hadithi yenyewe. Kampuni moja huko kwenye sayari ya Mars inachota nishati kutoka jehanamu. Wakubwa wanajua inakotoka. Wanaendelea kuchota, kwa sababu taa zinawaka. Wapendwa, watunga gemu wametuhubiria hapo. Sisi tumepokea sadaka za pesa za kamari, tumenunua spika na viti vya plastiki, na nikiwa madhabahuni nimeziombea baraka bila kuuliza zimetoka wapi. Hilo ni langu, nimelitubu mbele za Mungu na nitalisema Jumapili kwenye ibada zote mbili. Lakini tangu nianze uchungaji hakuna mama aliyewahi kuniletea bahasha ya namna hiyo imefungwa kwa leso akaniambia, Pasta, choma.

Kijana, santuri zako ziko salama nyuma ya kabati la ofisi. Nasikia hata nyumbani hamna mashine ya kuzichezea, unazitazama tu picha! Njoo uzichukue Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Njoo na mama. Chai itakuwepo.