Kongo: Utajiri ulio chini ya ardhi ni wa nani?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani, ilhali kwa makadirio ya Benki ya Dunia zaidi ya raia saba kati ya kumi wanaishi katika ufukara uliokithiri. Hali hiyo inalazimu swali la msingi liulizwe upya: utajiri ni nini hasa?

Kongo huitwa nchi tajiri yenye watu maskini, na kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa. Lakini inachanganya mambo mawili: kuwa na kitu, na kuwa na mamlaka juu ya kitu hicho.

Neno tajiri lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Hadi leo nchini Tanzania, dereva na kondakta wa daladala humwita mwenye gari tajiri, na kila jioni humpelekea hesabu. Kwa maana hiyo, tajiri si yule anayeshinda na mali mchana kutwa, bali yule ambaye mapato humfikia mwishoni. Swali la Kongo basi si kuna nini ardhini, bali nani anapelekewa hesabu.

Safari ya kobalti

Kobalti ya Kolwezi, mkoani Lualaba, hutumika katika betri za simu na za magari ya umeme. Migodi mikubwa inaendeshwa na makampuni ya kigeni, mengi yakiwa ya China, na ni huko China ambako sehemu kubwa ya usafishaji wa mwisho hufanyika. Thamani huongezeka kadiri madini yanavyokwenda mbali na shimo. Mchimbaji mdogo huuza gunia lake kwa bei anayopangiwa na mnunuzi.

Februari 22, 2025, baada ya bei kuporomoka kutokana na madini kujaa sokoni, serikali ya Kinshasa ilisitisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Tangu Oktoba 16 mwaka huo marufuku hiyo iliacha nafasi kwa mfumo wa mgao, ambao kwa mwaka 2026 na 2027 unaruhusu tani 96,600 kila mwaka. Bei ilipanda zaidi ya maradufu. Kongo ilidhihirisha kwamba ina sauti sokoni. Hata hivyo, bei kupanda ni jambo moja, na fedha kufika kwa mwananchi ni jambo jingine.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kongo lipo: sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kinachodaiwa ni daftari hilo kusomwa hadharani, ili mkazi wa Kolwezi ajue fungu lake lilipokelewa na nani na likafanya nini.

Kasoro nyingine imo katika kipimo chenyewe. Pato la taifa huhesabu kila tani inayouzwa kuwa ukuaji, bila kutoa kilichopungua ardhini. Ndiyo maana Benki ya Dunia huandaa pia hesabu za utajiri wa mataifa, zinazojumuisha maliasili, miundombinu, pamoja na elimu, afya na ujuzi wa watu. Kwa kipimo hicho, tani iliyouzwa bila kuacha shule wala zahanati inafanana na shamba la ukoo lililouzwa na fedha zake zikaliwa.

Umeme ni mfano ulio wazi. Maporomoko ya Inga katika Mto Kongo yanakadiriwa kuweza kuzalisha zaidi ya megawati 40,000, lakini ni takriban raia mmoja kati ya watano anayepata umeme. Bila umeme wa uhakika, ni vigumu viwanda vya kusafisha madini kujengwa nchini.

Bunduki na mikataba

Mashariki mwa nchi, machimbo ya koltani ya Rubaya yako mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa kundi hilo hutoza ushuru biashara hiyo na kwamba madini huvushwa hadi Rwanda. Kigali inakanusha kuliunga mkono kundi hilo.

Desemba 4, 2025, mjini Washington, marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani, sambamba na ushirikiano unaowafungulia wawekezaji wa Marekani milango ya madini ya Kongo. Wanaounga mkono wanasema nchi itaacha kutegemea mnunuzi mmoja. Wakosoaji wanahofia kwamba atakayebadilika ni tajiri tu, huku dereva na kondakta wakibaki walewale.

Jibu halitapatikana katika idadi ya tani wala ya saini. Litaonekana katika kile kitakachobaki Kolwezi na Rubaya, kwa watu wa huko, siku madini yatakapokwisha.