Mgeni wa Kusini na Mwenyeji Wake Marangu

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba urafiki kati ya Tanzania na nchi za Kusini mwa Afrika ni kazi ya mabalozi na wajumbe wa mikutano. Dhana hiyo hatuna budi kuisahihisha, hasa sisi tulio maofisini na madarasani. Wapigania uhuru wa SWAPO walipokuwa na kambi yao Kongwa, mkoani Dodoma, kuanzia miaka ya sitini, jirani zao walikuwa wanavijiji, si mawaziri. Urafiki ulianzia hapo.

Nchi hizo sasa zimekwisha kujikomboa: Msumbiji na Angola mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini 1994. Raia wake wanaokuja kwetu siku hizi aghalabu huja kutalii, na baadhi yao hufika Marangu. Hupakiwa garini, hufikishwa kwenye lango la hifadhi, hupanda mlima, hushuka, huenda zao. Wamekiona Kibo, lakini watu wanaoishi chini yake hawakuwaona.

Nilipata kufuatana na mgeni mmoja, mwalimu kutoka Namibia, aliyekuwa na bahati kuliko wenzake. Aliongozwa na mwandishi wa habari, mwenyeji wa Moshi. Tulipita Himo, tukapanda hadi Marangu Mtoni, na hapo mwandishi akatuteremsha, ingawa lango lilikuwa bado mbali. Alisema Kichaga na wazee, Kiswahili na vijana, Kiingereza na mgeni. Tukafuata mfongo katikati ya migomba mpaka kihambani kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu.

Mzee aliposikia jina la Namibia aliuliza mara moja kama mgeni anaijua Kongwa. Alipata kufundisha mkoani Dodoma wakati wa ujana wake. Mgeni alinyamaza kitambo. Kwao tarehe 26 Agosti ni Siku ya Mashujaa, kwa kumbukumbu ya mapigano ya Omugulugwombashe ya mwaka 1966, na wapiganaji wa siku ile walikuwa wamepita Kongwa. Jina hilo alilisoma vitabuni tangu utotoni. Mtu wa kumweleza vumbi lake na upepo wake hakuwahi kumpata. Kata ya mbege ikazunguka. Isale halikuchumwa, kwa kuwa hapakuwa na ugomvi wa kupatanisha, na mazungumzo yakaendelea hadi jioni. Bila mwandishi yule tungalipita barabarani, mita chache tu kutoka nyumba ile.

Siku iyo hiyo asubuhi, katika ofisi moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja, mwandishi huyo aliomba mgeni aruhusiwe kuzungumza na wanafunzi kwa nusu saa. Alitakiwa alete barua. Alipoitoa, aliambiwa ingejibiwa wiki ijayo. Mgeni alikuwa akiondoka kesho yake.

Tahadhari si kosa. Mwaka 1969, tarehe 3 Februari, Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kifurushi, na katika miaka ile mwenye dhamana aliyemshuku kila mtu mwenye kalamu na kamera alikuwa na sababu. Vita ile imekwisha; shaka imebaki mezani, kama jalada ambalo hakuna aliyeagiza lifungwe. Mwandishi mwenyeji anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa kazi yake. Anapomleta mgeni, mdhamini ni yeye. Hata Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alianzia safari yake Marangu na kuwategemea wenyeji, na jina la Yohani Kinyala Lauwo lingali linatajwa huko.

Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019 ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Mwalimu yule wa Namibia alikuwa amekwisha kujifunza salamu zetu, tena kwa bidii. Kabla ya kuondoka aliomba jambo moja tu: habari za Kongwa kama mzee alivyozisimulia, ziandikwe, awasomee wanafunzi wake.

Hazijaandikwa bado. Mzee amepita miaka 80. Chuo cha Ualimu Marangu hakiko mbali na kihamba chake, na kinachohitajika ni wanachuo wawili, daftari moja, na mkuu wa kuwapa ruhusa ya alasiri.