Mama mwenye ulemavu katika zahanati zetu

"Nani amekupa mimba wewe?" Hilo ndilo swali ambalo mama asiyeona, au atembeaye kwa magongo, aghalabu hulisikia afikapo kliniki ya wajawazito, tena mbele ya foleni nzima. Wenziwe huulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Na muulizaji huyo pengine ni Mkristo mwenzetu, katika zahanati yenye msalaba mlangoni.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 25 ya mkataba huo yataka huduma ya afya ya kiwango kilekile wapewacho wengine. Lakini sheria peke yake haipunguzi kimo cha kitanda cha kujifungulia. Mama aliyepooza miguu hupandishwa juu yake kwa kubebwa kama gunia. Mizani nayo yamtaka asimame. Asipoweza, nafasi ya uzito katika kadi yake hubaki tupu. Mama kiziwi hulazimika kuja na mwanawe amtafsirie, na hivyo mtoto huyajua majibu ya vipimo vya mamaye, hata cha Ukimwi, kabla ya baba. Je, tutashangaa akiamua kujifungulia nyumbani?

Hapa twaomba viongozi wa walei watusikilize kwa makini, maana kutojua huua. Si kila mama mwenye ulemavu apaswa kupasuliwa; wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Ila mwenye nyonga iliyopinda kwa polio au matege yampasa kuchunguzwa mapema na daktari. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asiusikie uchungu kabisa. Tumbo likikakamaa na kulegea kwa vipindi, au kichwa kikimgonga ghafula huku jasho likimtoka, apelekwe hospitali mara moja, kwani shinikizo lake la damu laweza kupanda hata kumwua.

Wapo pia wadhanio kuwa ni huruma kumfunga kizazi bila ridhaa yake. Kanisa halikubali tendo hilo kamwe, na Ibara ya 23 ya mkataba nayo hulikataa.

Wauguzi wetu hatuwalaumu peke yao. Wengi hukesha wakiwa wachache. Twawageukia waamini walio wajumbe wa kamati za zahanati: wapime kitanda kwa futi, kisha wamwite seremala atengeneze kimoja chenye kimo sawa na kiti cha magurudumu. Jumuiya Ndogo Ndogo nayo ijue mapema ni nani mwenye gari au bajaji usiku. Ila kwanza imwulize mama mwenyewe anataka asaidiwe namna gani. Wapo watakao kushikwa mkono, na wapo watakao kuachwa watembee wenyewe.